Kati ya "Hakika" na "Haiwezekani": Tuwafundishe Watoto Kukadiria



Wapendwa wasomaji, kila Jumamosi sisi mafrateri wanne wa falsafa hutoka hapa seminarini kwenda utumeni katika shule ya msingi iliyo jirani na kigango kimojawapo cha parokia. Kazi tuliyopewa ni kufundisha dini na, walimu wakituhitaji, kusaidia Hisabati darasa la sita. Mwaka huu tuliomba ruhusa ya kujaribu jambo moja dogo: kuwafundisha wanafunzi kusema tukio fulani lina uwezekano kiasi gani wa kutokea.

Tulifunga kamba ya katani kutoka ukuta mmoja wa darasa hadi mwingine. Ncha moja tukatundika kadi yenye neno HAIWEZEKANI, ncha ya pili HAKIKA. Katikati hatukuandika kitu. Kisha tukagawa vibanio vya nguo na kadi zenye sentensi. "Kesho jua litachomoza." "Kesho mvua itanyesha." "Jiwe litaelea juu ya maji." "Simba itaifunga Yanga." "Mtoto atakayezaliwa leo zahanati atakuwa msichana." "Nitafaulu mtihani." Kila mwanafunzi aibane kadi yake pale anapoona panafaa.

Baada ya dakika kumi ncha zote mbili zilikuwa zimejaa, na katikati kamba ilikuwa tupu. Mvua ya kesho ilikuwa "hakika" kwa sababu leo imenyesha. Mechi ya watani ilizua zogo, upande mmoja ukivuta kadi huku, wa pili kule, wala hapakuwa na aliyetaka kuiacha katikati. Na msichana mmoja mpole wa dawati la nyuma alikuwa ameibana kadi ya "Nitafaulu mtihani" kwenye HAIWEZEKANI. Tulipomuuliza sababu, alisema kwa sauti ya chini: "Dada yangu alifeli."

Tumeandika makala haya kwa ajili ya kamba ile. Maoni yetu ni kwamba kumfundisha mtoto kupima uwezekano ni sehemu ya kumfundisha kusema ukweli. Tena sisi tunaojiandaa kwa upadre tunalihitaji somo hilo pengine kuliko watoto. Tutaeleza kwa nini, na tutaanza na kosa letu wenyewe.

Neno lililotuponyoka

Mwaka jana, katika kutembelea jumuiya, tulifika kwa mama mmoja kijana ambaye mtoto wake wa kwanza ana selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi duniani ambako watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huu, kwa hiyo haikuwa habari ngeni kwetu. Tulisali pamoja naye. Tulipokuwa tunaaga, akatuuliza: "Frateri, hospitali waliniambia ni mmoja kati ya wanne. Huyu ndiye yule mmoja. Kwa hiyo watatu watakaofuata watakuwa wazima, si ndiyo?"

Mmoja wetu akajibu, nasi wengine tukaitikia kwa vichwa: "Bila shaka, mama. Mungu ni mwema."

Mungu ni mwema kweli. Lakini ile "bila shaka" haikuwa yake, ilikuwa yetu, na ilikuwa ya uongo. Jioni tulimsimulia sista muuguzi wa zahanati ya parokia, naye akatutazama kwa muda kabla ya kusema neno. Kisha akatuchorea kwenye karatasi. Baba na mama wote wawili wanapobeba chembe ya urithi ya selimundu bila wenyewe kuugua, basi katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni 1 kati ya 4. Uwezekano wa kuwa mbebaji kama wazazi wake ni 2 kati ya 4, na wa kutokuwa nayo kabisa ni 1 kati ya 4. Kila mimba, alisisitiza sista. Mimba ya pili haijui yaliyotokea katika ile ya kwanza. Mtoto wa kwanza hakubeba zamu ya wadogo zake.

Tulirudi kwa mama yule siku ya tatu. "Mama, tulikukosea," tulimwambia, tukamweleza pamoja na sista. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Afadhali nijue, Frateri. Baba yake anataka tuzae wa pili mwaka huu." Ndipo likatoka na jingine: kwa miezi kadhaa upande wa mume ulikuwa unasema ugonjwa umetoka kwa kina mama. Mchoro wa sista ulionyesha kwamba mtoto hupata selimundu kwa kupokea chembe hiyo kutoka pande zote mbili. Wiki iliyofuata walikwenda zahanati wote wawili, mume na mke, kupata ushauri.

Hatukumpa habari njema zaidi kuliko ile ya kwanza. Tulimpa habari ya kweli, na kwa hiyo aliweza kuamua akiwa anaona.

Maneno tunayo, hatuyatumii

Huenda mtu akafikiri kwamba somo la uwezekano ni la wataalamu. Sisi wenyewe tulikutana nalo kidato cha nne, kwa Kiingereza, tukikokotoa sarafu na dadu. Tulipata alama zetu, tukafunga daftari. Hakuna aliyetuambia kwamba mahesabu yale yanahusu mvua, damu na maneno tunayomwambia mgonjwa. Na mtoto anayeishia shule ya msingi hakuwahi hata kuiona sarafu ile ikirushwa.

Lakini kabla ya hesabu kuna maneno, na Kiswahili kimebarikiwa maneno hayo. Tunasema hakika, bila shaka, yamkini, huenda, pengine, labda, ni nadra, ni muhali, haiwezekani. Tunayo -nge- na -ngali- ya mambo ambayo yangekuwa na hayakuwa. Wazee wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu, na ukitazama vizuri utaona hawakusema mawingu ni mvua. Walisema dalili. Mwenye kuona mawingu anaanua nguo, wala hamtukani jirani yake mawingu yakipita bila tone.

Shida ni kwamba darasani tumeyafukuza maneno haya. Mwanafunzi akijibu "labda", anaambiwa: "Sitaki labda, nataka jibu." Akisita, anaambiwa asibahatishe. Hivyo anajifunza mapema kwamba anayesema kwa nguvu ndiye anayejua. Lakini kubahatisha na kukadiria ni vitu viwili. Anayebahatisha hatazami kitu. Anayekadiria ametazama dalili, amezihesabu, na anaweza kukueleza kwa nini ameweka kadi yake hapo alipoiweka.

Maharage na mahindi

Jumamosi ya pili tulileta mfuko wa kitambaa wenye punje tatu za mahindi na harage moja jekundu. Mwanafunzi anatia mkono bila kutazama, anatoa moja, tunaandika ubaoni, anairudisha, mfuko unatikiswa. Kabla ya kuanza tuliuliza: harage likitoka sasa hivi, je, mara inayofuata linaweza kutoka tena? Karibu darasa zima likajibu haliwezi, "kwa sababu limeshatoka". Ni jibu lilelile la yule mama. Ni jibu letu pia.

Tulitoa mara 40. Harage lilitoka mara 12. Mahali pamoja lilitoka mara tatu mfululizo, na darasa likapiga kelele kana kwamba kuna mchawi mfukoni. Tuliwaachia wabishane. Kijana mmoja akasema mwalimu ameliwekea alama. Mwingine akaomba mfuko akaukagua. Mwishowe msichana wa dawati la mbele akasema: "Mfuko haukumbuki." Hatukuwa na maelezo bora kuliko hayo, nasi tukayaandika ubaoni.

Kutoka hapo tunaweza kusogea hatua moja. Chukua wazazi wengi, kila jozi ikiwa na uwezekano ule wa 1 kati ya 4, na kila jozi ikapata watoto wanne. Si kweli kwamba kila nyumba itakuwa na mgonjwa mmoja. Katika nyumba kama 32 kati ya 100 hakutakuwa na mgonjwa hata mmoja, na katika nyumba kama 68 atakuwapo mmoja au zaidi. Nyumba zile 32 zitasema, "Kwetu ugonjwa huo haupo." Nyumba yenye wagonjwa watatu itasema, "Tumelogwa." Hakuna kati yao iliyofanya dhambi kuliko nyingine, na hakuna iliyorogwa. Fikirini, wapendwa, ni uchungu kiasi gani na shutuma ngapi zingepungua vijijini mwetu kama mtoto wa darasa la sita angelijua jambo hili.

Utabiri usiotimia si uongo

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa angalizo la mvua kubwa au upepo mkali, huandika uwezekano wa kutokea: mdogo, wastani au mkubwa. Karibu nalo huandika kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Ni mistari miwili mifupi ambayo wengi wetu tunairuka ili tujue tu kama itanyesha au haitanyeshi.

Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilikuwa kinaelekea pwani yetu, na tahadhari ikatolewa. Kikapungua nguvu kabla ya kufika. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika eneo la Mafia, mvua na upepo vikaleta madhara pwani na kusini, na barabara ya kwenda Lindi na Mtwara ikakatika. Mtu mwenye kamba ya ncha mbili tu husema mwaka 2021, "Walitudanganya," na kwa sababu hiyo mwaka 2024 hasikii. Mwenye kuijua sehemu ya katikati anaelewa kwamba anayesema "saba kati ya kumi" hasemi uongo pale mambo yanapoangukia kwenye zile tatu. Atakuwa mwongo, au mzembe, kama katika mara nyingi anazosema saba kati ya kumi jambo linatokea mara mbili tu.

Kwa hiyo usahihi wa mkadiriaji haupimwi kwa siku moja. Unapimwa kwa daftari, na ndiyo maana mtoto anapaswa kuwa nalo.

Je, huku si kukosa imani?

Tuliposimulia haya mezani, mwenzetu mmoja aliuliza swali zuri: "Kama kila kitu ni mapenzi ya Mungu, kuna nini cha kukadiria?" Walio parokiani huuliza hivyohivyo kwa maneno mengine: Mkristo aseme "Mungu akipenda", basi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikwisha kulijibu swali hilo. Katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 22, anafundisha kwamba maongozi ya Mungu hayafanyi kila kitu kiwe cha lazima. Mungu ameviandalia vitu vingine visababishi vya lazima, na vingine visababishi vinavyoweza kuleta tokeo au kutolileta. Kwa hiyo lile eneo la katikati ya kamba si mahali ambapo Mungu hayupo. Ni yeye aliyependa liwepo.

Tomaso huyohuyo, akizungumzia ushahidi mahakamani katika sehemu ya pili ya pili, swali la 70, anasema kwamba katika matendo ya wanadamu hatuwezi kudai uhakika wa kihisabati. Inatosha uhakika wa kuyamkinika, unaofikia ukweli katika hali nyingi ingawa katika chache unaweza kukosea. Ndiyo sababu Maandiko yanataka mashahidi wawili au watatu, si mmoja. Na kabla yake Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Maadili ya Nikomako, alikwisha kusema kwamba mtu aliyeelimika hudai katika kila jambo usahihi ule tu ambao jambo lenyewe linauruhusu. Sisi tunasoma maneno haya mwaka wa kwanza wa falsafa, tunayaandika kwenye mtihani, kisha tunakwenda jumuiyani na kusema "bila shaka, mama".

"Mungu akipenda" ni neno takatifu. Mtakatifu Yakobo katika waraka wake anawaonya wanaopanga safari na faida za mwaka mzima kana kwamba wameushika uhai mkononi. Anachowakataza ni kujifanya wana uhakika wa kesho. Hawakatazi kutazama mawingu. Anayesema "Mungu akipenda" huku hataki kujua dalili analitumia jina la Mungu kufunika uvivu wake.

Tunamkumbuka pia Blaise Pascal, Mkatoliki wa Ufaransa. Mwaka 1654 aliandikiana barua na Pierre de Fermat kuhusu swali la wachezaji wawili walioweka fedha na mchezo wao ukakatizwa: fedha zigawanywe vipi kwa haki? Barua hizo huhesabiwa miongoni mwa chimbuko la hesabu za uwezekano. Usiku wa tarehe 23 Novemba mwaka huohuo Pascal alipata mang'amuzi ya kiroho yaliyobadili maisha yake. Aliyaandika kwenye karatasi aliyoishona ndani ya vazi lake, ikakutwa baada ya kifo chake. Mtu mmoja, mwaka mmoja. Hakuona kwamba kupima uwezekano kunamzuia kumtumaini Mungu.

Vipi kuhusu kamari?

Mzazi mmoja alituambia kwa upole kwamba anaogopa tunawafundisha watoto kubeti. Tunamwelewa. Vijana wa darasa la sita tayari wanajua mkeka ni nini, na wengine huwaandikia kaka zao.

Lakini anayenufaika na mkeka ni yule anayejua kuhesabu, na huyo si kijana. Tuchukue mkeka wa mechi kumi, na tuseme kila mechi kijana ana uwezekano mzuri sana wa kupatia, 8 kati ya 10. Kijana anaona "nane, nane, nane", anahisi amekwisha kushinda. Ukizidisha mara kumi, uwezekano wa kupatia zote unabaki kama 11 kati ya 100. Ikiwa kila mechi ni 7 kati ya 10, unabaki chini ya 3 kati ya 100. Tulilifanya zoezi hili ubaoni bila mahubiri yoyote. Darasa lilinyamaza. Mvulana mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana kaka anakosa mechi moja kila wiki."

Katekisimu haisemi kwamba michezo ya bahati yenyewe ni kinyume cha haki. Inasema haikubaliki inapomnyang'anya mtu kile anachohitaji kwa ajili yake na wanaomtegemea. Kijana atapimaje kama inamnyang'anya, ikiwa hajui kuhesabu kinachotoka mfukoni na kinachoweza kurudi?

Tunachopendekeza

Hatuna mamlaka juu ya mitaala, nasi ni vijana wa miaka 25 hivi ambao bado tunalelewa. Lakini kuna mambo ambayo shule, parokia na seminari zinaweza kuyafanya bila kusubiri mtaala.

Kwanza, tuanze na maneno kabla ya hesabu. Kamba moja, kadi tano: haiwezekani, ni nadra, huenda, yamkini sana, hakika. Mtoto wa darasa la tatu anaweza.

Pili, kila kadi iulizwe swali moja: "Kwa nini hapo?" Asiyeweza kutaja dalili hata moja aiondoe kadi yake kwanza, aende akatafute. Hapo ndipo kukadiria kunapotengana na kubahatisha.

Tatu, darasa liwe na daftari la mvua. Asubuhi watoto watazame mbingu na kuandika makadirio yao. Jioni waandike kilichotokea. Mwisho wa mwezi wahesabu: tuliposema yamkini sana, ilinyesha mara ngapi? Watajifunza kurekebisha maneno yao bila aibu, na aibu ndiyo humfanya mtu mzima ang'ang'anie neno alilokwisha kulisema.

Nne, na hili ni letu mafrateri, tuuchunge ulimi tunapokaa kando ya kitanda cha mgonjwa au na familia yenye hofu. Yako mambo tunayoyasema kwa hakika yote, kwa sababu tumeyapokea katika imani: kwamba Kristo amefufuka, kwamba Mungu hamwachi mtu huyu. Hayo tusiyaseme kwa "labda". Lakini matokeo ya vipimo, mimba ijayo, mtihani na mvua si sehemu ya Kanuni ya Imani. Tukiyatamka yote kwa sauti ileile moja, siku ya vipimo itakapotupinga watu watadhani na ufufuko ulikuwa maneno ya kufariji tu.

Kuhusu yule msichana wa dawati la nyuma: hatukumwambia "lazima utafaulu". Tulimwomba alete daftari lake la mazoezi. Tulihesabu pamoja: katika majaribio sita alikuwa amepata nusu au zaidi mara nne. Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Aliitoa kadi yake HAIWEZEKANI, akasimama muda mrefu mbele ya kamba, akaibana mbele kidogo ya katikati. Kisha akauliza kama anaruhusiwa kuisogeza tena baada ya jaribio la mwezi ujao.

Tulimjibu kwamba kamba itabaki pale. Mwalimu wa darasa amekubali.

Mtuombee, nasi tunawaombea.